Mpigo ndani ya chipu una njaa, na kuupunguzia chakula ni kazi yetu pia

Vijana wa Nairobi tukikutana siku hizi stori ni mbili: Akili Unde na kubeti. Stori ya tatu, ya chipu zenyewe zinazobeba hayo yote, tumewaachia watu wa Taiwan na Marekani, kana kwamba sisi kazi yetu ni kununua bando na kunyamaza. Leo naomba tuongelee kipande kimoja kidogo sana cha chipu. Mtaani hata jina lake halijulikani, lakini bila hicho simu yako ni kigae tu cha kioo.

Kinaitwa PLL. Ukitaka Kiswahili chake nitasema kitanzi cha kufunga awamu, ingawa sitakulaumu ukiendelea kusema PLL kama kila mtu. Kazi yake ni kutengeneza saa. Sizungumzii saa ya kukuambia umechelewa job, nazungumzia mpigo: juu, chini, juu, chini, mara bilioni kadhaa kwa sekunde. Redio ya Bluetooth inaishi kwa mpigo huo. Wi-Fi vilevile, prosesa vilevile, na hata zile nyaya nyembamba kati ya prosesa na memori. Mpigo ukiyumba, redio inatoka kwenye masafa yake na kumkanyaga jirani, au prosesa inasoma namba kabla haijafika.

Ndani ya simu kuna kipande cha kristali kinachotoa mpigo safi sana, lakini wa polepole. Kwenye simu za GSM ulizoeleka ule wa mara milioni 26 kwa sekunde. Bluetooth inataka karibu bilioni 2.4, na kristali haiwezi kutetema hivyo. Kwa hiyo unajenga ndani ya chipu kitu kingine, osileta, chenye mbio za kutosha lakini kisicho na nidhamu. Joto likipanda kinabadilika, volti ikicheza kinabadilika. Halafu unamweka msimamizi.

Fikiria kanisani. Mzee anapiga ngoma moja nzito, polepole, na hakosei hata siku moja. Kijana yuko na kayamba, mbio kama nini. Katikati amekaa mama mmoja mwenye sikio kali. Kila mzee akipiga ngoma, mama anasikiliza: kijana amewahi ama amechelewa? Akiwahi, anamgusa bega, pole pole. Akichelewa, anamsukuma kidogo. Baada ya muda mfupi kayamba inaenda mbio zake na bado iko ndani ya ngoma. Hiyo ndiyo PLL yote. Mzee ni kristali, kijana ni osileta, na mama ndiye kitanzi.

Wazo lenyewe ni la kale. Mfaransa Henri de Bellescize aliliandika mwaka wa 1932 akifikiria redio. Mwaka wa 1969 kampuni ya Signetics ya Marekani ikaliuza likiwa ndani ya IC moja. Televisheni za zamani zililitumia ili picha isianze kupanda juu kama lifti iliyochizi. Kwa hiyo si uvumbuzi wa jana. Kilicho cha jana, na ndicho kilichonifanya nikae macho usiku kadhaa nikisoma, ni vita vya kuifanya PLL ile kidogo na iwe ndogo. Na vita hivyo vilishika moto pale watu walipoamua kuifanya ya dijitali.

Tuanze na ploti, kwa sababu ploti kila mtu wa Nairobi anaelewa.

Kiwanda cha chipu hakikuuzii transista moja moja. Kinakuuzia diski ya silikoni, na ile kubwa inayotumika sana ina kipenyo cha milimita 300. Piga hesabu, ni kama milimita mraba 70,700. Ukikata chipu za milimita mraba 4 utapata takriban 17,600, kabla ya kutupa za ukingoni na zilizoharibika. Sasa punguza kila chipu hadi 3.8. Diski ni ileile, bei ni ileile, lakini una zaidi ya chipu 900 za ziada. Umepunguza 0.2 tu. PLL ya analogi yenye koili yake na kapasita zake inaweza kula hiyo 0.2 bila kuona haya.

Kwa nini ni kubwa hivyo? Kwa sababu ya kumbukumbu. Yule mama wa kanisani lazima akumbuke kijana alikuwa anaelekea wapi, asije akamsukuma ovyo kila mara. PLL ya analogi inatunza kumbukumbu hiyo kama chaji ndani ya kapasita. Kapasita ni sahani mbili zenye nafasi katikati, na uwezo wake unatoka kwenye upana wa sahani. Viwanda vilipotoka nanomita 130 kwenda 90, kwenda 65, kwenda 28, transista zilinywea kila safari. Kapasita haikunywea nazo. Ni kama mpangaji aliyekatalia kwenye bungalow na bustani yake pale Roysambu wakati jirani zake wote ni ghorofa za bedsita. Bei ya ardhi imepanda mara kumi na yeye bado anapanda maua. Isitoshe, ukijenga kapasita hiyo kwa transista za kisasa, ukuta wa katikati ni mwembamba kiasi kwamba chaji inavuja. Yaani mama anasahau.

Suluhisho la dijitali ni rahisi kulisema: acha kutunza kumbukumbu kama chaji, itunze kama namba. Namba inakaa ndani ya flip-flopu, flip-flopu ni transista, na transista zinapungua kila kizazi cha kiwanda. Kichujio kilichokuwa kapasita kubwa kinakuwa hesabu ya kujumlisha na kuzidisha. Namba haivuji.

Mtu anayetajwa sana hapa ni Robert Bogdan Staszewski, ambaye alikuwa Texas Instruments kule Dallas. Yeye na wenzake walichapisha redio ya Bluetooth yenye PLL ya dijitali kabisa mwaka wa 2004, kwenye nanomita 130, na mwaka uliofuata wakatoa ya simu za mkononi kwenye nanomita 90. Kabla ya hapo wazee wa redio wengi waliamini dijitali ni kelele tupu, haiwezi kukaa karibu na antena.

Halafu angalia kilichofuata. TI waliitia teknolojia hiyo kwenye familia ya chipu waliyoiita LoCosto, iliyolengwa simu za bei ya chini kabisa: redio na prosesa kwenye kipande kimoja. Ni miaka ileile ambayo M-Pesa ilizinduliwa hapa, Machi 2007, na mulika mwizi zikaingia hadi kijijini. Sisemi kabambe ya shosho yako ilikuwa na chipu hiyo hasa, watengenezaji walikuwa wengi. Nasema bei ya simu haikushuka kwa huruma ya mtu. Moja ya sababu ni kwamba kuna wahandisi walikaa chini wakagombania sehemu za milimita, na mwisho wa mnyororo huo akawa mama mboga anayepokea pesa kwenye simu yenye tochi.

Ploti imetosha. Stima ndiyo yenye utamu.

Kwenye saketi za dijitali kuna kanuni moja ambayo ningependa kila fundi wa simu Luthuli Avenue aandike ukutani: umeme unaoliwa ni sawa na ukubwa wa mzigo, mara volti, mara volti tena, mara idadi ya mipigo kwa sekunde. Volti inaingia mara mbili. Ukishusha kutoka volti 1.0 hadi 0.7, umeme unabaki asilimia 49, karibu nusu, bila kubadilisha kitu kingine. Tamu sana, mpaka ukumbuke kwamba transista yenye volti kidogo ni mvivu. Inachelewa, na kwenye PLL kuchelewa ni kitu kinachopimwa.

Hapo ndipo pana shida halisi. Mama wa kanisani, akiwa wa dijitali, hawezi kusema tu kijana amechelewa kidogo. Lazima aseme amechelewa kiasi gani, kwa namba. Kifaa cha kugeuza muda kuwa namba hujengwa kama foleni ya inveta: mpigo unaingia upande mmoja, unaruka kutoka inveta hadi inveta, na ngoma ya mzee ikilia unapiga picha kuona umefika wapi. Kwenye nanomita 90 watu wa TI walikuwa wanapata hatua ya takriban pikosekunde 20. Mpigo mmoja wa gigahezi 2.4 una urefu wa pikosekunde 417, kwa hiyo unahitaji inveta zaidi ya 20, kila moja na flip-flopu yake, zote zikigeuka juu chini mara bilioni 2.4 kwa sekunde. Foleni hiyo inakula stima kama kinyozi mwenye mashine kumi zilizowashwa na mteja mmoja.

Na ni kweli mteja ni mmoja! Piga hesabu: bilioni 2.4 gawanya kwa milioni 26 ni kama 92. Kati ya mipigo 92 ya kayamba, ni mmoja tu unaokutana na ngoma ya mzee. Ile mingine 91 hakuna anayeipima. Kwa nini basi foleni iwe macho? Ndiyo mbinu ya kwanza, na kwangu ndiyo nzuri kuliko zote kwa sababu ni akili ya kawaida: funga mlango, ufungue tu ngoma inapokaribia kulia. Mama yeyote wa Kayole anayezunguka nyumba usiku akizima taa anaijua mbinu hii, ingawa hajawahi kuandikia jarida.

Mbinu ya pili ni ya werevu zaidi. 2.4 gawanya kwa 26 haitoi namba kamili, kuna masalio. Kwa hiyo kila ngoma ikilia, kayamba iko mahali tofauti, na ndiyo maana foleni ndefu ilihitajika. Lakini masalio hayo unayajua mapema! Wewe ndiye uliyechagua masafa. Unaweza kukokotoa mpigo utaangukia wapi, ukachelewesha mmoja kwa kiasi hichohicho, halafu vikutane uso kwa uso. Kinachobaki ni kosa dogo sana, na kwa kosa dogo sana huhitaji foleni tena. Unahitaji flip-flopu moja ya kujibu swali moja: amewahi ama amechelewa? Kwa Kiingereza wanaiita bang-bang, jina la filamu ya mapigano.

Kundi la Politecnico di Milano, akina Tasca, Levantino, Samori na Lacaita, walichapisha PLL ya namna hiyo mwaka wa 2011. Ilifika gigahezi 2.9 hadi 4.0, ikala miliwati 4.5, na mtikisiko wa mpigo ukawa femtosekunde 560. Femtosekunde ni sehemu moja ya elfu ya pikosekunde. Kile kifaa cha kuchelewesha hakitoki kiwandani kikiwa sahihi, kwa hiyo waliweka hesabu ndogo inayokirekebisha muda wote chipu ikifanya kazi. Ona kilichofanyika hapo: waliondoa usahihi kwenye vifaa, ambako ni ghali, wakauweka kwenye hesabu, ambako ni rahisi. Hiyo ndiyo falsafa nzima ya PLL ya dijitali, na ndiyo sababu ninaipenda.

Kisha kuna Tokyo. Mwaka wa 2014 kundi la Tokyo Institute of Technology walionyesha PLL ya milimita mraba 0.0066 inayokula maikrowati 780, kwenye nanomita 65. Ukucha wako, tuseme ni sentimita moja mraba: zingeingia zaidi ya 15,000. Hawakutumia koili. Osileta yao ni duara la inveta zinazofukuzana, na saketi nzima ilipangwa na programu ya kompyuta, ileile inayopanga saketi za kawaida za dijitali, hakuna mzee wa analogi aliyekaa akichora kwa mkono. Mwaka wa 2019 chuo hichohicho kikaja na nyingine iliyokula maikrowati 265 tu. Moja ya mbinu zao ni kwamba sehemu inayohakikisha masafa hayajapotea haikai macho muda wote. Inaamka, inachungulia, inalala.

Betri ya duara ya CR2032, ile ya rimoti ya gari, ina kama milliampea-saa 220 kwa volti 3. Tuseme PLL peke yake ndiyo inayoila, bila kulala. Kwa miliwati 4.5 betri inakwisha baada ya siku 6. Kwa maikrowati 265 inakaa zaidi ya siku 100. Sitaki mtu aseme Tokyo wamewapiga Milano, kwa sababu haya si mashindano ya haki. Ya Milano ilikuwa inatafuta usafi wa mpigo kwa masafa ya juu zaidi.

Na hapo ndipo nina ugomvi na watu wanaotuuzia vifaa. Umeme na usafi wa mpigo havitenganishwi. Mwaka wa 2009 Xiang Gao na wenzake wa Twente, Uholanzi, walipendekeza kipimo ambacho kila mtu anakitumia sasa: chukua mtikisiko, uzidishe kwa wenyewe, kisha uzidishe kwa umeme. Maana yake ni kwamba ukitaka mtikisiko upungue nusu, jiandae kulipa umeme mara nne. Kwa hiyo mtu akikuringia kwamba chipu yake inakula maikrowati hivi na hivi, swali la kwanza ni mpigo wake unatikisika kiasi gani. Asipokujibu, anakuuzia matatu isiyo na breki kwa kigezo kwamba haili mafuta. Vivyo hivyo na ploti: duara la inveta linakaa kwenye nafasi ndogo ajabu, lakini ukilitaka litulie kama koili litadai umeme mwingi. Ndogo, safi, isiyokula. Chagua mbili, na hata hizo mbili utazipigania.

Najua mtu wangu mmoja ameshaanza kucheka. Betri yake inaisha kwa sababu ya TikTok, PLL inahusu nini? Sawa, tupige hesabu kwa ukweli. Simu yenye betri ya 5,000 kwa volti 3.85 ina wati-saa 19 hivi. PLL ya miliwati 5 ikikesha saa 24 inakula 0.12. Haifiki hata asilimia moja. Kwenye simu kubwa mwizi wa chaji ni skrini, na anayekwambia vingine anakudanganya.

Ila simu kubwa ni kifaa kimoja tu. Iafoni zisizo na waya zina betri ya makumi machache ya milliampea-saa. Kihisi cha mita ya maji kinatakiwa kikae ukutani miaka bila mtu kukigusa. Kifaa cha shingoni mwa ng'ombe Kajiado hakina pa kuchomekwa. Vifaa hivi vinalala karibu muda wote, vinaamka, vinatuma ujumbe mfupi, vinalala tena. Kwa hivyo, muda ambao PLL inachukua kutulia ni chaji inayomwagika bure, kama matatu inayonguruma stejini ikingoja abiria wa mwisho. Dijitali ina faida moja hapa ambayo haizungumzwi vya kutosha: ile namba ya mwisho iliyokuwa inaendesha osileta inaweza kuhifadhiwa. Kifaa kikiamka kinaanzia pale kilipoachia. Cha analogi kinaamka kapasita ikiwa imevuja, kinaanza kutafuta upya.

Vifaa vya namna hiyo ndivyo vitakavyojaa kwenye mashamba yetu, kwenye mita zetu na kwenye boda zetu. Tutavinunua vyote kutoka nje? Sitaki tuvinunue vyote.

Maongezi ya chipu nchini yameegemea viwanda. Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna Semiconductor Technologies Limited, na hao nawavulia kofia kwa sababu walianza kabla haijawa fasheni. Mwaka wa 2024 Marekani nayo ikatangaza ushirikiano na Kenya kuhusu semikonda, na wanasiasa wakapata neno jipya la kutamka vibaya. Sipingi viwanda. Lakini kiwanda kikubwa cha kisasa ni mabilioni ya dola, na maji, na stima isiyokatika, nami naandika haya mtaa ambao stima imekatika mara mbili leo. Kubuni chipu ni kitu kingine. Kunahitaji kompyuta, muda na mtu wa kukuonyesha.

Nilisoma uhandisi wa umeme hadi karo ikagoma. Katika muda niliokaa chuoni, chuo ambacho hakina haja ya kutajwa, PLL ilikuwa IC ya 4046 kwenye bredibodi. Ni IC nzuri, ni ya miaka ya sabini, bado inatengenezwa hadi leo, na inafundisha wazo. Lakini mhadhiri alichora visanduku vitatu ubaoni, tukavinakili, tukavitapika kwenye mtihani, mchezo ukaisha. Hakuna aliyetuambia kwamba visanduku vile siku hizi huandikwa kama programu. Nadhani wenzangu wengi wanaojua kuandika msimbo wa tovuti wangeshangaa kujua kwamba sehemu kubwa ya saketi inayoendesha redio ni mistari wanayoweza kuisoma.

Tangu Juni 2020 mlango uko wazi kiasi. Google na kiwanda cha SkyWater walitoa hadharani kanuni za kiwanda za nanomita 130, kitu ambacho kabla yake ulikipata kwa mikataba ya siri. Programu za bure zipo pia: Yosys ya kugeuza maandishi kuwa saketi, OpenROAD ya kuipanga kwenye ploti, ngspice ya kuipima kabla haijajengwa. Nanomita 130, kumbuka, ndiyo ileile aliyotumia Staszewski mwaka wa 2004.

Na PLL ya dijitali ya kusoma ipo. Ndani ya Caravel, ule mfumo wa chipu uliotumika kubebea miradi ya watu kwenye SkyWater, kuna moja ndogo: duara la hatua 13 lenye biti 26 za kulirekebisha, na kidhibiti kinachohesabu mipigo mingapi imepita ndani ya mpigo mmoja wa kristali. Ikiwa mingi kuliko ulivyoomba, kinaongeza ucheleweshaji. Ikiwa michache, kinapunguza. Ndiyo hiyo, imeisha. Haina foleni ya inveta wala mbwembwe za Milano. Mpigo wake unatikisika, usiuweke kwenye redio, lakini prosesa ndogo inaendeshwa nao vizuri tu. Mtu aliyesoma Verilog kidogo anaimaliza kuisoma mchana mmoja na chai.

Sitapaka rangi. Milango ya bure hufungwa. Efabless, kampuni iliyokuwa inaendesha safari hizo za SkyWater, ilifunga 2025, na miradi ya watu ikabaki njiani. Tiny Tapeout, ambao wanauza nafasi ndogondogo kwenye chipu moja ya pamoja, mfano wa chama, wakalazimika kutafuta viwanda vingine. Bado unalipa dola, na dola kwa kijana asiye na kazi si mchezo. Ndiyo maana naona pesa kidogo sana za kaunti, au za hizo kampuni zinazodhamini mashindano ya programu kila mwezi, zingefanya kazi kubwa zaidi hapa: nafasi kumi kwa mwaka, kwa vijana kumi, kila mmoja arudishiwe chipu yake mkononi aipime. Hakathoni moja yenye pizza na fulana inagharimu pesa, na Jumatatu yake hakuna kitu unachoweza kushika.

Nafasi moja ya Tiny Tapeout ni takriban maikromita 160 kwa 100, yaani milimita mraba 0.016. PLL ya Tokyo ya 2014 ilikuwa 0.0066 kwenye nanomita 65. Ukiirudisha kwenye 130, kila upande unakuwa mara mbili, eneo linakuwa mara nne: 0.026 hivi. Hesabu ya mkono, lakini inasema nafasi mbili zinatosha. Kwangu kihesabio na duara la inveta tayari vinakubali kwenye simulesheni. Kichujio bado kinabishana.